Dubai kwa biashara: nyota tano ya mjini, nyota tano ya Deira, au apatimenti?

Msimu wa kuagiza mzigo ukikaribia, wenye maduka wa Darajani na Mchangani, kwenye masoko ya mjini Unguja, huanza kuulizana jambo lilelile: safari hii Dubai unafikia wapi? Wapo wanaojibu kwamba kulipia hoteli ya fahari ni kuchezea mtaji, kwani mfanyabiashara hurudi chumbani saa nne usiku akiwa hoi, na anachotaka ni kitanda na maji ya moto. Wapo wengine, hasa waliokwishapata uwakala wa kampuni au wanaotafuta mshirika wa mradi huku Unguja, wanaosema anayefikia pahala pa hovyo hupewa bei ya hovyo. Kila upande una haki yake. Tatizo ni kwamba wanazungumzia safari mbili tofauti, na wengi wetu hulipia chumba kabla ya kujiuliza tunakwenda kufanya ipi.

Safari ya kwanza ni ya kununua. Una orodha, una fedha, unazunguka duka hadi duka, unakusanya mzigo na kuukabidhi kwa watu wa kago. Safari ya pili ni ya kukutana na watu: unataka kiwanda kikupe uwakala, msambazaji akuuzie kwa mkopo, mwekezaji akusikilize, au umealikwa kwenye maonyesho. Katika ile ya kwanza wewe ndiye unayewafuata wenye mali. Katika ya pili kuna wakati wao watakufuata wewe, na hapo mahali ulipofikia panaanza kukusemea. Nyota peke yake haimsaidii mtu kuchagua. Nimelinganisha kwa kufuata tofauti hiyo.

Nachukua aina tatu za malazi. Kuna nyota tano za mjini mpya, kwenye Barabara ya Sheikh Zayed, Business Bay na Downtown. Kuna nyota tano za zamani zilizo Deira yenyewe, pembezoni mwa hori ya Dubai: Radisson Blu Deira Creek, iliyofunguliwa 1975 kwa jina la InterContinental na kuhesabiwa kuwa nyota tano ya kwanza ya Dubai, Sheraton Dubai Creek, na Hyatt Regency upande wa Corniche, iliyofunguliwa 1980. Na kuna apatimenti za hoteli za Naif, Al Rigga na Al Muraqqabat, zenye jiko, friji na mara nyingi mashine ya kufulia. Nyumba za kukodi kitanda kimoja kimoja nimeziacha nje. Nyingi hazina leseni, na mfanyabiashara aliyebeba fedha za watu hana sababu ya kulala mahali ambapo wakaguzi wakibisha hodi yeye ndiye atakayetakiwa kujieleza.

Saa za soko ndizo zinazoamua

Mzigo wa Kizanzibari uko Deira. Vitambaa, vitenge na mapazia unavipata Murshid Bazaar, dhahabu Gold Souk, viungo na vyakula vikavu Al Ras, simu na vifaa vyake mitaa ya Al Sabkha na Baniyas. Vinavyobaki nje ni Dragon Mart, kule International City, na magari yaliyotumika ya Ras Al Khor. Huko utahitaji usafiri popote utakapokuwa umelala.

Jambo ambalo mgeni hulijua akishafika ni kwamba maduka mengi ya jumla ya Deira hufungwa mchana, kuanzia kama saa saba mpaka saa kumi, kisha hufunguliwa tena hadi saa nne usiku. Ijumaa asubuhi mengi hayafunguliwi mpaka watu watoke msikitini. Kwa aliyelala Naif au Al Rigga, saa hizo tatu ni neema: anarudi kwa miguu, anaswali Adhuhuri, anakula, anapanga risiti zake kitandani na kuona amebakiwa na kiasi gani, anajinyoosha kidogo, na alasiri anatoka akiwa mtu mpya. Aliyelala Business Bay hana pa kwenda. Akirudi hotelini atakuwa amekwenda na kurudi mara mbili kwa siku. Asiporudi, atazunguka kwenye maduka makubwa yenye kiyoyozi akitumia pesa ambazo hazikuwa kwenye orodha. Kuanzia Juni hadi Agosti joto linapita nyuzi 40, na mwendo wa dakika kumi wenye mfuko mkononi unageuka kazi ngumu.

Watu wa nyota tano za mjini watakwambia kuna metro. Ni kweli, na ni metro nzuri. Njia nyekundu ilianza 2009, ya kijani 2011, zinakutana kituo cha Union pale pale Deira, na nauli ya kawaida ni dirham 3 mpaka 7.5 kulingana na umbali. Kwa anayekwenda mkutanoni na mkoba wake inatosha kabisa. Lakini abiria anaruhusiwa begi moja kubwa na moja dogo tu, kwa hiyo ukishanunua marobota mawili ya vitambaa umeingia kwenye teksi, na teksi za kila jioni kutoka Deira mpaka Downtown zinajumlika. Kumbuka pia kwamba metro inasimama Terminal 1 na Terminal 3 za uwanja wa ndege. Terminal 2 haifiki.

Kwa safari ya kukutana na watu, mambo yanageuka. Ofisi za kampuni kubwa ziko Business Bay, DIFC (mtaa wa mabenki na kampuni za fedha) na kando ya Barabara ya Sheikh Zayed, na maonyesho mengi hufanyika Dubai World Trade Centre, ambayo ina kituo chake kwenye njia nyekundu. Ukiwa na vikao vitatu kwa siku upande huo, kulala Deira kunakuchosha kwa namna nyingine: unatoka mapema, huna pa kubadilisha shati lililolowa jasho, na kikao cha jioni unakifika umechakaa.

Hapa ndipo nyota tano za Deira zinapostahili kutazamwa tena, na nashangaa jinsi watu wetu wanavyozipita. Si mpya, vyumba vyake havina madirisha ya kutazama Burj Khalifa, na picha zake hazivutii kwenye simu. Lakini mtu aliyelala Radisson Blu ya pale horini anaweza kwenda Baniyas kwa miguu asubuhi, na mchana akapanda metro kwenda World Trade Centre. Ukitaka kuvuka upande wa Bur Dubai, abra, yaani mashua ya kuvushia watu, ya dirham 1 iko karibu. Kwa safari iliyochanganya kununua na kukutana, ningezitazama hizi kwanza kabla ya nyingine yoyote.

Bei iliyoandikwa na bei utakayolipa

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hoteli za Dubai zinamhitaji mtu mwenye daftari. Juu ya bei ya chumba huongezwa ada ya huduma asilimia 10, ada ya manispaa asilimia 7, na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 5 iliyoanza Januari 2018. Kisha kuna Tourism Dirham, ada iliyoanza 2014, inayotozwa kwa kila chumba cha kulala kila usiku: dirham 20 kwa nyota tano, 15 kwa nyota nne, 10 kwa nyota tatu. Apatimenti nazo zina madaraja yao, na zile za kawaida hutozwa 10. Hii ya mwisho mara nyingi hulipwa pale mapokezini hata kama ulikwishalipa chumba chote kwa mtandao.

Tuseme umeona nyota tano kwa dirham 600 bila ada. Ongeza 60 za huduma, 42 za manispaa, kama 33 za kodi na 20 za utalii. Unafika karibu dirham 755. Kwa kuwa dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, hizo ni kama dola 206 kwa usiku mmoja. Apatimenti iliyoandikwa 250 nayo haitabaki 250. Itafika karibu 316, yaani dola 86. Kwa usiku sita tofauti inapita dola 700. Kwa muuza mabaibui wa Mchangani huo si mchezo, ni mzigo mzima wa mapambo ya shela unaobaki dukani Dubai.

Mitandao mingine huonyesha bei yenye kila kitu ndani na mingine huonyesha bei kavu, kwa hiyo usilinganishe hoteli mbili mpaka uhakikishe unatazama aina moja ya bei. Na usitarajie kurudishiwa kodi ya hoteli uwanjani. Utaratibu wa kuwarudishia watalii kodi, ulioanza mwishoni mwa 2018, ni wa bidhaa ulizonunua kwenye maduka yaliyojiunga na unazoondoka nazo mwenyewe. Malazi hayamo, na mzigo uliotangulia kwa kago haumo.

Wanawake wafanyabiashara wa kwetu walikwishapata jibu lao zamani: wanasafiri watatu na kuchukua apatimenti ya vyumba viwili. Ikiwa imeandikwa 450, pamoja na ada zote na Tourism Dirham ya vyumba viwili itafika kama 571, yaani dirham 190 kwa kila mtu. Hakuna nyota tano itakayoshindana na hesabu hiyo. Wanapika wali wao, wanafua wenyewe, na jioni wanalinganisha bei walizopata Murshid. Mmoja akiwa amepata gora la kitambaa kwa bei nafuu zaidi, asubuhi wenzake wote wanajua duka lenyewe. Faida hiyo ya mwisho, kwa maoni yangu, inazidi hata kodi ya chumba. Hakikisheni tu kila mmoja ameandikishwa kwa pasipoti yake mapokezini. Hoteli na apatimenti zote zenye leseni hulazimika kuandikisha kila mgeni.

Kuna upande wa pili wa bei ambao wanaoziponda nyota tano hawausemi. Hoteli za fahari za Dubai hupanda na kushuka kwa kiasi kikubwa sana, apatimenti za Deira hazitikisiki hivyo. Kuanzia Novemba hadi Machi, wakati wa hewa nzuri, na wakati wa maonyesho makubwa kama Gulfood, ya biashara ya vyakula, ya mwanzoni mwa mwaka, chumba kilekile kinaweza kupanda hadi ukasema umekosea kusoma. Katikati ya kiangazi hushuka, na mara nyingine nyota tano ya Deira hukaribia bei ya apatimenti nzuri. Anayesafiri Julai atazame zote mbili kabla ya kujiambia kwamba fahari si yake.

Chakula nacho kihesabiwe. Kifungua kinywa cha nyota tano, kama hakimo kwenye bei, kinaweza kupita dirham 100 kwa mtu mmoja. Hatua chache kutoka hapo chai ya karaki ni dirham 1 au 2, na parata la moto karibu hivyo hivyo. Kama kifungua kinywa kimo ndani ya bei, basi kula vizuri na uruke chakula cha mchana. Kama hakimo, usikinunue. Ufuaji ni vivyo hivyo: unacholipa hotelini kufuliwa mashati mawili matatu, dobi wa Al Rigga anakufulia furushi.

Unacholipia hasa kwenye nyota tano

Watu hudhani wanalipia kitanda, marumaru na bwawa la kuogelea. Mfanyabiashara hana saa ya bwawa. Anacholipia ni ukumbi wa mapokezi.

Tazama inavyokwenda. Meneja mauzo wa kampuni ya rangi za nyumba amekubali kuja kukuona saa kumi na moja jioni. Anaingia, mlinzi anamfungulia mlango, anakukuta umekaa kwenye kochi mbali kidogo na njia, meza ina nafasi ya kutandaza kadi za rangi. Kahawa inaletwa bila kuitwa mara mbili. Mnazungumza saa nzima, anapiga simu ofisini kwake kuuliza kiwango cha chini cha oda, anarudi, mnaendelea. Hakuna anayewasukuma. Akiondoka anakuuliza kesho atume dereva akuchukue saa ngapi, na anajua ni wapi bila kuelekezwa.

Sasa mkutano huohuo uhamishie apatimenti. Mapokezi yana viti viwili, mbele yake kuna watu wanafunga maboksi kwa gundi ya karatasi, na simu ya mapokezi haiachi kulia. Chumbani huwezi kumpandisha mtu usiyemjua, na kwa mwanamke hilo halizungumzwi kabisa. Mtaishia kwenye mkahawa wa duka kubwa, watoto wanapiga kelele, meza ni ndogo kama sinia. Mazungumzo ya uwakala wa mwaka mzima yanahitaji mahali ambapo mtu anaweza kunyamaza na kufikiri, na mkahawa huo haukupi nafasi hiyo.

Nyota tano inampa mwenyeji wako jibu pia. Dubai, kabla hujamaliza kusalimiana, utaulizwa umefikia wapi. Kwa mtu anayefikiria kukukopesha kontena, jibu lako ni sehemu ndogo ya picha anayoichora. Sisemi ni haki kwamba mtu apimwe hivyo. Nasema ndivyo anavyopimwa, na anayekwenda kuomba mkopo wa bidhaa aliweke hilo kwenye hesabu kama anavyoweka nauli.

Lakini hapa hapa kuna njia ambayo ningependa wafanyabiashara wetu wadogo waijue: ukumbi wa mapokezi wa hoteli kubwa uko wazi kwa mtu yeyote aliyevaa vizuri na kuagiza kitu. Huhitaji kulala hapo. Unaweza kulala apatimenti ya Al Muraqqabat, ukafika kwenye hoteli ya pale horini nusu saa mapema, ukachagua meza, ukamkaribisha mgeni wako, na ukalipa vikombe vinne vya kahawa badala ya chumba. Kwa kikao kimoja au viwili hii inatosha. Kwa vikao vya siku tatu mfululizo haitoshi, kwa sababu utahitaji mahali pa kuacha sampuli, mtu wa kupokea bahasha inayoletwa ukiwa nje, na chumba cha kupumzika kati ya kikao na kikao. Hoteli nyingine zina ghorofa za klabu zenye sebule yake: kifungua kinywa kimo, vitafunio vya jioni vimo, na mara nyingi kuna chumba cha mkutano cha kutumia kwa saa kadhaa. Ukiwa na wageni wengi, ongezeko la bei ya chumba cha klabu laweza kuwa nafuu kuliko kulipia kila kikombe.

Kuchapa na kuskani nyaraka si sababu ya kulipia nyota tano. Deira imejaa ofisi za kuchapa zinazofanya kazi hiyo kwa dirham chache.

Mzigo kwenye lifti

Upande huu apatimenti inashinda bila ubishi. Nyota tano itakupokelea mabegi yako mawili na kuyahifadhi hata baada ya kukabidhi chumba. Maboksi kumi na tano ya vyombo haitayapenda. Baadhi zitakuelekeza mlango wa nyuma, baadhi zitakataa kabisa, na ukiyaweka chumbani utalala kati yake.

Apatimenti za Deira zimezoea. Watu wa kago wanajuana na mapokezi, wanakuja na toroli, wanapima, wanaandika jina na namba ya simu ya Unguja au Pemba kwenye kila robota kwa kalamu nene. Kiswahili nacho utakisikia hapo.

"Shikamoo mama. Haya yote ya Wete?"

"Marahaba mwanangu. Ya Wete haya manane. Yale mawili ya mwisho yashushwe Malindi, mwanangu wa Mwanakwerekwe atayafuata."

"Sawa mama, niandikie basi namba yake hapa hapa ubavuni, isije ikasemwa tumeyapeleka siko."

Mazungumzo ya namna hiyo kwenye mapokezi ya hoteli ya Downtown hayana nafasi. Aliyekwenda kununua na akalala mbali na kago yake atalipa gari la kusafirisha mzigo kabla hata haujaanza safari.

Dhamana: jambo linaloumiza wenye kadi za kawaida

Ukifika nyota tano, hata kama chumba kimelipwa, utaombwa kadi ili wazuie kiasi cha dhamana, na hoteli nyingi huhesabu kwa kila usiku. Mwenye kadi ya mkopo haoni kitu. Wengi wetu tuna kadi za kawaida za benki zilizofungwa kwenye akaunti yenyewe, na hapo fedha hizo hazitumiki tena mpaka zitakapoachiwa. Hoteli huziachia siku ya kuondoka, lakini benki huchukua siku kadhaa, na wakati mwingine wiki mbili au zaidi, kabla hazijaonekana kwenye akaunti. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote uko kwenye akaunti hiyo, dirham elfu mbili zilizozuiwa ni bidhaa ambazo hazitanunuliwa safari hii.

Dawa yake ni kuuliza kabla: je, dhamana inapokelewa kwa fedha taslimu? Nyingi hukubali, na huirudisha mkononi siku ya kuondoka. Omba karatasi ya kupokelea na uitunze pamoja na pasipoti. Apatimenti pia huomba dhamana, ila kwa kawaida ni ndogo na imezoeleka kutolewa taslimu. Na mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa dirham au kwa sarafu ya kwenu, chagua dirham. Kubadilishiwa na mashine kunakuja na kiwango kibaya.

Ibada, utulivu na usalama

Kuhusu ibada, Dubai haikupi taabu popote. Mshale wa kibla uko darini au ndani ya droo, msala ukiuomba unaletwa, na bafu lina bomba la kutawadhia. Tofauti iko kwenye pombe na muziki. Karibu nyota tano zote zina baa, lakini ziko mbali na vyumba na hutaziona usipozitafuta. Balaa ni hoteli za nyota mbili na tatu za Deira zenye kumbi za muziki ghorofa ya chini, ambako ngoma inapanda mpaka ghorofa ya nne na watu wanapishana mlangoni mpaka alfajiri. Mwanamke anayesafiri peke yake asikubali hoteli ya namna hiyo kwa sababu tu ni rahisi. Deira ina hoteli na apatimenti zisizouza pombe kabisa, za familia, na tofauti ya bei mara nyingi ni ndogo. Soma maoni ya waliolala hapo na utafute neno kelele kabla ya kutazama picha za kitanda.

Kwa mwanamke aliye peke yake, nyota tano ina ubora wa kweli: lifti inayohitaji kadi, mapokezi yasiyolala, na teksi inayoitwa na mlinzi anayeandika namba ya gari. Kama huna wenzako wa kushirikiana apatimenti, ningekushauri nyota nne tulivu au nyota tano ya Deira, hata kama bajeti italia kidogo.

Kugawa safari

Nikiulizwa na mtu mwenye kazi zote mbili, simwambii achague. Namwambia agawe usiku wake. Tangu Januari 2022 ofisi za serikali za Dubai hupumzika Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ni nusu siku, na kampuni nyingi zinafuata hivyo. Masoko ya Deira yanauza Jumamosi kama siku nyingine. Basi fika Jumapili, lala nyota tano kuanzia usiku huo mpaka Jumatano, malizia vikao vyako vyote ukiwa na nguo zilizonyooka na akili iliyotulia, kisha Alhamisi hamia apatimenti ya Deira ununue mpaka Jumamosi, ukiacha Ijumaa asubuhi kwa kupumzika na sala. Wengi hufanya kinyume, wananunua kwanza na kuacha vikao mwisho, kisha wanaingia mkutanoni miguu imevimba na fedha za oda zimekwisha.

Angalia pia saa za kuingia. Hoteli nyingi hutoa chumba saa tisa mchana na kukidai saa sita mchana. Ndege ya moja kwa moja kutoka Unguja ni karibu saa sita, na Dubai iko mbele yetu kwa saa moja; pigia hesabu utatua saa ngapi. Ukitua alfajiri, nyota tano ina nafasi zaidi ya kukupa chumba mapema au angalau mahali pa kuoga, lakini hiyo ni hisani mpaka waithibitishe kwa maandishi. Viza nayo Mtanzania huipata kabla ya kusafiri, na uthibitisho wa malazi huenda ukahitajika, kwa hiyo ukigawa safari hifadhi uthibitisho wa hoteli zote mbili.

Anayekwenda Guangzhou asiuchukue ushauri huu mzima mzima. China humtaka mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Hoteli inafanya hilo yenyewe, lakini ukifikia kwa jamaa au apatimenti ya mtu binafsi ni juu yako na mwenye nyumba. Maonyesho ya Canton Fair, ya Aprili na Oktoba, hupandisha bei mji mzima, na kule hoteli rasmi ya kiwango cha kati, karibu na njia ya treni ya chini ya ardhi, inashinda fahari na apatimenti kwa pamoja.

Kabla hujalipa chumba chochote cha Dubai, tuma ujumbe hotelini na uulize mambo manne, na ungoje jibu la maandishi: bei hii ina ada zote ndani au bado, dhamana ni kiasi gani na inapokelewa taslimu, mna ukumbi wa muziki, na mtu wa kago anaruhusiwa kuchukua mzigo mlango gani. Hoteli inayojibu yote manne kwa uwazi, siku hiyohiyo, weka jina lake juu ya orodha yako.